Maneno ya Nyuma ya Kioo

Watu wa televisheni walipoingia kiwanda cha Hollinbank, jambo la kwanza walilofanya ni kuzima mashine. Muriel Haslam alikuwa amefuma nguo katika ukumbi ule miaka thelathini na mmoja, na kila asubuhi alikuta ngurumo ikimngoja mlangoni. Leo, Jumanne ya Novemba, mchana kweupe, siku ya kazi, mashine mia mbili zilikuwa zimenyamaza kama zimefiwa. Ukimya ulimtia kizunguzungu. Alimsikia Maureen, binti wa mashine ya jirani, akikohoa, akashangaa, maana miaka yote mitatu hakujua kwamba Maureen ana kikohozi.

Tamthilia yenyewe iliitwa Kengele ya Saa Moja, na ilihusu maisha ya wanawake wa kiwandani huku kwetu kaskazini. Ilikuja kutoka London ikiwa na wanawake wake wa kiwandani, waigizaji, wamefungwa vitambaa kichwani na kupakwa masizi mashavuni. Masizi ya nini kwenye kiwanda cha pamba, Mungu ndiye ajuaye. Pamba hukuchafua kwa weupe. Unatoka jioni umeota mvi hata kama una miaka kumi na saba. Wafumaji halisi wakaambiwa wasimame nyuma ya waigizaji, wajaze picha. Mama wa mavazi akamtazama Muriel toka utosini hadi kwenye viatu, akamvua koti lake la kazi, akampa jingine lililotoboka viwiko.

"Lako halionekani kama la mfanyakazi, mpenzi," alimwambia kwa upole.

Muriel, aliyelivaa lake miaka sita, akalivaa hilo la kupewa asijue acheke au anune.

Kisha mwongozaji, kijana mwenye skafu ndefu, akapiga makofi. "Ninyi wa nyuma! Nataka msogeze midomo kama mnaongea, lakini sauti isitoke hata kidogo. Mnaweza? Si kazi rahisi, lakini jaribuni."

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Mwongozaji akabaki ameduwaa, akadhani labda zipu yake iko wazi.

Hakuna mfumaji wa Hollinbank aliyewahi kumsikia mwenzake akiwa kazini. Kwa makelele yale, hata ungepiga baragumu usingesikika. Tangu enzi za bibi zetu tunasema kwa midomo: unaufungua mdomo wote, unalivuta neno kama mtu anayetafuna pipi ngumu, nyusi na mikono vinasaidia, na mwenzako aliye hatua thelathini anakupata neno kwa neno. Mwanamke angeweza kumsimulia shoga yake madhambi ya mumewe kutoka mwisho wa ukumbi hadi mwisho, na hakuna sauti iliyotoka. Ukitaka siri, funika mdomo kwa kiganja. Mwenye macho haambiwi tazama.

Na bingwa wa mambo hayo alikuwa Clarice Shorrock, rafiki wa Muriel tangu shuleni. Mashine zilikuwa zimeyala masikio yake yote mawili, hakubakiwa na kitu. Mjini alikuwa kiziwi: muuza nyama alimpigia kelele kama anafukuza mbuzi, na daktari alimwandikia kwenye karatasi. Lakini ndani ya Hollinbank kila mtu alikuwa kiziwi, na Clarice ndiye aliyekuwa malkia wao. Hakuna umbea uliompita. Watu walipanga foleni kumuuliza nani kasema nini.

Lakini wiki ile Muriel hakuwa na raha. Viwanda vitatu vya bonde letu vilikuwa vimefungwa mwaka huo mmoja. Binamu yake, Edith, msimamizi katika kiwanda cha biskuti mji wa pili, alikuwa amempigia simu Jumapili. "Nina nafasi mbili za kupakia maboksi. Yako, na ya yule kiziwi wako pia, mikono yake naijua. Lakini nipe jibu Ijumaa. Baada ya Ijumaa nitachukua wasichana, na umri wenu huo hamtapata tena popote."

Njia mbili zilimshinda fisi. Muriel alizipenda mashine zake nne kuliko alivyowahi kumpenda marehemu mumewe, na hilo alilisema waziwazi hata siku ya mazishi. Lakini Hollinbank ikifungwa?

Alimwambia Clarice wakati wa chai, kwa midomo, ingawa mashine zilikuwa zimezimwa.

"Wewe ndiye mwenye masikio," Clarice alijibu kwa midomo, akiipoza chai yake. "Umesikia lolote ofisini kuhusu kufungwa?"

"Sijasikia."

"Basi sikiliza mpaka Ijumaa. Ukisema twende, nitakwenda kupakia biskuti. Ukisema tubaki, nabaki. Mimi huko nje ni gogo tu, Muriel, unajua. Nakutegemea wewe."

"Usinibebeshe mzigo huo, mwanamke."

"Nani mwingine nimbebeshe? Paka wangu?"

Mchana ule wakapiga picha ya hotuba. Muigizaji mkuu, mwanamke mrembo kupita kiasi kwa kazi ile, alipanda juu ya boksi kuwaambia wafanyakazi wasikate tamaa. Mwongozaji alitaka mabwana wawili waonekane kwa mbali, katika kile chumba cha ofisi kilichoko pembeni ya ukumbi, chenye kioo pande mbili. "Waonekane wanaongea tu," alisema. "Hatutachukua sauti yao." Muigizaji wake wa umeneja alikuwa kitandani na mafua. Basi wakamweka meneja mwenyewe, Bwana Lyddon, na pamoja naye mgeni aliyekuja siku hiyo kutoka Manchester kwa niaba ya wenye kiwanda.

Bwana Lyddon alifurahi mpaka masharubu yakasimama. Alikuwa mtu wa kusini, miaka miwili tu tangu aletwe, na ufumaji aliujua kwenye makaratasi. Aliwahi kubandika tangazo la kukataza pipi wakati wa kazi, kwa sababu alipowatazama wanawake kupitia kile kioo aliona wanatafuna kutwa nzima. Tangazo lile tulilicheka mwezi mzima. Hakuna aliyejisumbua kumweleza.

Clarice na Maureen waliwekwa wakiwa wamekipa kioo mgongo. Muriel peke yake alisimamishwa pembeni, akiwa ameelekea ofisini. Mgeni alikuwa amempa kisogo, lakini uso wa Bwana Lyddon ulikuwa mbele yake, umeangazwa na mataa ya televisheni.

Picha ilirudiwa mara tatu. Mara ya kwanza Bwana Lyddon alisimulia mawaridi yake na wadudu wanaoyala. Mara ya pili alisimulia goti la mkewe. Muriel aliyasoma yote bila kutaka, kama unavyosoma bango la dukani. Mara ya tatu midomo ya Bwana Lyddon ikasema: "Tutafunga wiki za Wakes. Waende Blackpool kwanza, wakirudi wakute kufuli. Barua zitapelekwa majumbani wakiwa baharini. Hakuna anayejua." Kisha, baada ya kitambo, akacheka.

"Kata!" mwongozaji akapaza sauti. "Safi sana! Tumeipata!"

Muriel alibaki amesimama. Wiki za Wakes ni zile mbili za Julai ambazo mji wetu mzima hufunga, kuanzia viwanda mpaka duka la mkate, na kila mtu huenda baharini. Hakuna wakati mzuri zaidi wa kuua kiwanda. Hakuna hata mmoja ambaye angekuwepo kupiga kelele. Lakini hapohapo akajirudi. Ngoja kwanza. Bwana Lyddon hakuwa Bwana Lyddon pale; alikuwa meneja wa tamthilia. Na tamthilia ni ya kiwanda kinachotaka kufungwa. Lakini meneja wa tamthilia ana mawaridi? Ana mke mwenye goti? Mara mbili alisema ya kwake mwenyewe. Kwa nini mara ya tatu aseme ya mchezo? Labda alijikumbuka. Labda mwongozaji alimnong'oneza. Akili yake ilizunguka kama kuku aliyefungwa mguu.

Akamfuata Gillian, msichana kutoka London aliyebeba faili lenye maneno ya mchezo mzima.

"Samahani, binti. Wale wawili ofisini, wameandikiwa waseme nini?"

Gillian akafunua kurasa. "Hapa pameandikwa tu 'wanazungumza'. Hawasikiki, kwa hiyo haijalishi."

"Na kiwanda chenu hiki cha mchezo, kinafungwa?"

Gillian akatazama kushoto na kulia. "Ninyi nyote mmetia sahihi kwamba hamtasimulia, sivyo? Basi, ndiyo, sehemu ya sita wanapanga kukifunga kwa siri. Wakati wa likizo ya kiangazi. Mwandishi alikaa huku mwaka mzima akisikiliza watu."

Muriel akapumua. Ni mchezo! Kisha pumzi ikakwama tena njiani. Kama mwandishi alikaa huku akisikiliza, alimsikia nani?

Alhamisi akajikaza, akaenda ofisini. Hakuwahi kuingia kile chumba bila kuitwa. Ukiwa ndani, ukumbi mzima ulionekana kupitia kioo, na wanawake kwenye mashine walionekana wadogo.

"Bwana Lyddon, ile Jumanne nilikuona ukisema tutafungwa Wakes."

Bwana Lyddon aliweka kalamu chini. "Uliniona nikisema?"

"Kwa midomo. Sisi tunasoma midomo. Sote."

Alimtazama kwa muda mrefu, na rangi ikapanda shingoni mwake, taratibu, mpaka masikioni. Halafu akacheka. Alicheka vizuri, kwa tumbo.

"Mama Haslam, nilikuwa naigiza! Vijana wale walinidokezea hadithi yao, nikaona nami nichangie. Kumbe niliigiza vizuri eti? Niambie kweli."

"Ulitisha."

"Ulitisha!" Alirudia neno lile kama mtu aliyepewa zawadi. "Nitamwambia mke wangu. Lakini sikiliza, mama. Hiyo ndiyo siri ya mchezo wao. Ukiwasimulia wenzako, utawaharibia utamu wote wa kuangalia. Na sahihi mmetia. Tuelewane?"

"Tumeelewana."

Alitoka akiwa mwepesi, na alipofika kwenye mashine yake ya kwanza wepesi ulikuwa umeshamwisha. Ile rangi ya shingoni ilikuwa ya nini? Mtu akisifiwa hupata haya, ndiyo. Mtu akifumaniwa pia. Laiti angekuwa Clarice aliyeuona ule uso. Clarice angejua papo hapo. Mwambie basi, akajiambia. Mwambie Clarice. Lakini amwambie nini? Kwamba meneja kasema tutafungwa, kisha kasema hakusema? Clarice angemwambia kila mtu kabla ya chai, wasichana wangegoma, na kama ni mchezo tu, Muriel angekuwa kichekesho cha bonde zima, mwanamke mzima aliyeitisha mgomo kwa sababu ya televisheni. Na zile mashine zake nne. Hakutaka kabisa kupakia biskuti, huo ndio ukweli, na ukweli huo ulikuwa unamvuta sketi chini kwa chini muda wote.

Ijumaa, mashine zikinguruma kama kawaida, Clarice alimwita kutoka upande wa pili. "Vipi, masikio yangu? Twende au tubaki?"

Muriel alifunga uzi uliokatika. Alichukua muda kuufunga.

"Tubaki," alisema kwa midomo.

Clarice akainua kidole gumba, akarudi kwenye kazi yake akiimba, nadhani, maana kifua kilikuwa kinapanda na kushuka.

Kengele ya Saa Moja ilianza kuonyeshwa Februari, Jumatano, saa moja na nusu jioni. Nafasi za biskuti zilikuwa zimeshachukuliwa na wasichana wawili tangu kabla ya Krismasi. Hollinbank wote tulijazana kwenye klabu ya wafanyakazi, televisheni imepandishwa juu ya rafu, pai za nyama na viazi mezani, bia kama mvua. Wanawake walikuwa wametengeneza nywele kana kwamba ni wao watakaowatazama walioko London. Clarice alikaa karibu na Muriel, mbele kabisa, kwenye viti walivyowahi tangu saa kumi na mbili.

Hakuna aliyesikia neno la mchezo kwa kelele. "Huyo mimi! Huyo hapo!" "Wapi?" "Kile kiwiko! Kiwiko changu kile!" Muigizaji mrembo akapanda juu ya boksi, akaanza hotuba yake, machozi yakimtoka kwa mpango.

Lakini mfumaji hatazami mdomo mmoja kama kuna mingine. Nyuma ya mrembo, kushoto kwa picha, ndani ya kioo, midomo miwili ilikuwa inacheza. Meza ya kwanza ikanyamaza. Ya pili ikanyamaza. Mtu akashusha glasi. Ukimya ulitambaa ukumbini mpaka ukawafikia wanaume kwenye kaunta, ambao hawakuwa wakisoma kitu lakini waliwaona wake zao.

Tutafunga wiki za Wakes, midomo ya Bwana Lyddon ilisema, mbele ya klabu nzima. Waende Blackpool kwanza, wakirudi wakute kufuli. Barua zitapelekwa majumbani wakiwa baharini. Hakuna anayejua.

Na yule mgeni, ambaye Novemba alikuwa amempa Muriel kisogo, kamera ilikuwa imemkamata ubavuni, na midomo yake ilionekana vizuri. Na mashine nimeshapata mnunuzi, alisema. Cheka, bwana, cheka kidogo, ili wadhani tunaigiza.

Bwana Lyddon akacheka, kwa tumbo.

Muriel alikitambua kicheko kile cha ofisini. Si mchezo. Haukuwa mchezo hata sekunde moja. Basi lile alilolibeba miezi mitatu, akiligeuza huku na huku kitandani, jibu lake lilikuwa limekaa kwenye mdomo wa mtu aliyempa mgongo. Hata hakuweza kukasirika bado. Alikuwa anashangaa tu, kama aliyeamshwa usingizini na kuulizwa jina lake.

Ndipo akajiona. Kulia kwa picha, katika koti lililotoboka viwiko, alisimama mwanamke mnene aliyenyoosha shingo kuelekea kioo, na midomo ya mwanamke yule ilikuwa inafuata, neno kwa neno, kama ya mtoto anayejifunza kusoma. Wakute kufuli, ilisema midomo yake mwenyewe. Hakuna anayejua.

Picha ikahamia kwenye mtaa wenye mvua. Hakuna aliyeitazama.

"Shangazi Muriel," Maureen alisema kwa sauti. "Hiyo ni ya Novemba."

"Nilimuuliza," Muriel alisema. "Nilimwendea ofisini. Akasema anaigiza. Na yule msichana wa faili akasema ndivyo mchezo ulivyo, nami nikadhani…"

"Ukadhani ni mchezo?"

"Ndiyo! Sikujua. Nawaapia, sikujua lipi ni lipi."

Maureen akatikisa kichwa polepole. "Wewe ulitusimulia mpaka rangi ya soksi za mwongozaji. Ulitusimulia goti la mke wa meneja, na mawaridi. Tukacheka tukalia. Kama ulidhani hili nalo ni mchezo, mbona hukutusimulia tucheke?"

Muriel hakuwa amewahi kujiuliza swali hilo. Lilikuwa rahisi mno, swali la mtoto, na lilipita katikati ya kuchanganyikiwa kwake kote likaenda kusimama mahali palipokuwa na jibu. Alitaka kubaki na mashine zake. Alikuwa anajua kiasi cha kutosha kunyamaza.

Mkononi akahisi kitu. Clarice alikuwa ameuondoa mkono wake uliokuwa juu ya wake. Clarice hakuwa amemsikia Maureen, lakini alikuwa amesoma yote, televisheni na Maureen na Muriel, hakuna kilichompita. Sasa alimtazama Muriel usoni, akasema kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata mara moja kwa mwaka, kwa sababu sauti yake alikuwa haijui tena, na ilitoka nene na kubwa kuliko alivyotaka.

"Nilikuuliza," alisema. "Twende au tubaki."

Muriel akamgeukia mzima, akafungua mdomo wote, akavuta maneno kama walivyofundishwa wakiwa na miaka kumi na mitano. Clarice, sikiliza. Clarice, nilikuwa sielewi. Nitamwendea Edith kesho, nitampigia magoti. Clarice.

Clarice alimtazama mpaka neno la tatu au la nne. Kisha akafumba macho, akayakaza, kama mtu anayekinga moshi, na Muriel akaendelea kusema.